Lori la Jeshi Lililouzwa: Kuitambua na Kuitunza Mifumo Yake ya Haidroliki

Somo hili limeandikwa hasa kwa ajili ya mtu, familia au kikundi cha wakulima kilichochangishana fedha na kununua lori lililostaafu jeshini, kwa nia ya kushusha mazao kutoka Milima ya Uluguru hadi Morogoro mjini. Wazo lenyewe si baya. Lori la jeshi limeundwa kwa ajili ya njia mbovu: husukumwa na magurudumu yote, tumbo lake liko juu ya mawe na matope, na fremu yake imekazwa kwa kazi ngumu. Anayeijua barabara ya Bigwa kuelekea Kisaki wakati wa masika, au mpando wa kutoka Sangasanga kwenda Langali na Nyandira, hahitaji kuelezwa kwa nini gari la namna hiyo linatamanika. Ndizi na mananasi ya Kinole, kabeji na karoti za Mgeta, vyote huharibika vikisubiri jua likaushe njia.

Hata hivyo lori hilo lina sifa moja ambayo muuzaji huitaja kama fadhila, nasi tunaitaja kama tahadhari: limetembea kidogo na limekaa sana. Kilometa zake ni chache kwa sababu lilisimama bohari kwa miaka mingi likisubiri kazi ambayo pengine haikutokea. Chuma huchoka kwa kazi. Mpira na vimiminika huchoka hata kwa kukaa. Kwa hiyo injini inaweza kunguruma vizuri siku ya mnada, rangi ikang'aa, matairi yakawa na meno marefu, na bado ndani ya mabomba kukawa na kimiminika kilichokwisha nguvu, mipira iliyokauka na maji yaliyoingia pole pole bila mtu kuona. Hicho ndicho tunachotaka mlaji akitazame kwanza, kabla ya injini na kabla ya rangi.

Nguvu inayopita ndani ya kimiminika

Chukua mabomba mawili ya sindano ya hospitali, moja dogo na moja kubwa, yasiyo na sindano. Yajaze maji na uyaunganishe kwa mpira mwembamba, nao uliojaa maji. Ukisukuma bomba dogo, lile kubwa litasogea: kwa umbali mfupi zaidi, lakini kwa nguvu kubwa zaidi. Hiyo ndiyo haidroliki yote. Mguu wa dereva kwenye pedali ni bomba dogo. Silinda inayonyanyua bodi la tipa ni bomba kubwa.

Sasa acha kiputo cha hewa kiingie kwenye mpira huo, kisha usukume tena. Utahisi bomba linabonyea kama mto wa sufi kabla upande wa pili haujatikisika. Maji hayashindiliki kwa urahisi, hewa hushindilika. Ongeza punje chache za mchanga, na baada ya muda utaona maji yakivuja pembeni mwa mpira wa pistoni. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufanya jaribio hili mezani, na akilielewa atakuwa ameelewa sababu ya sehemu kubwa ya maelekezo yanayofuata.

Katika lori moja la jeshi, nguvu ya namna hiyo hutumika mahali pengi. Ipo kwenye breki, mara nyingi kwenye klachi, kwenye usukani, na kama gari lina bodi la kunyanyuka, kreni au winchi ya haidroliki, ipo huko pia. Kosa linaloanzia hapa ni kudhani kwamba kwa kuwa mifumo yote ni ya haidroliki, basi yote hunywa kitu kimoja.

Kimiminika ni kipuri

Tungependa mlaji akizoee kifungu hiki: kimiminika ni kipuri. Kama vile bolti ya inchi haiingii kwenye nati ya milimita, ndivyo oili ya mfumo mmoja isivyofaa kwenye mfumo mwingine. Tofauti ni kwamba bolti isiyofaa hukataa papo hapo, ilhali kimiminika kisichofaa huingia bila ubishi.

Mipira midogo inayozuia uvujaji, ambayo mafundi huiita sili, hutengenezwa ili iishi ndani ya kimiminika cha aina fulani. Sili za breki zilizokusudiwa mafuta ya breki ya glikoli, yaani DOT 3 au DOT 4, haziwezi kustahimili oili inayotokana na petroli. Zikikutana nayo hufura, kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Siku ya kwanza dereva haoni tofauti. Baada ya siku kadhaa breki zinaanza kushika na kukataa kuachia, ngoma za magurudumu zinapata moto, na gari linaonekana zito barabarani. Mwishowe sili inararuka na pedali inazama hadi sakafuni. Kufikia hapo hakuna dawa ya kumwaga na kujaza upya. Kila mpira uliogusana na oili hiyo unapaswa kubadilishwa, kuanzia masta silinda hadi silinda za magurudumu, na mabomba ya chuma yaoshwe.

Kinachosikitisha ni kwamba chanzo cha uharibifu wote huo huwa ni msaada wa nia njema. Gari limesimama kijijini, chombo cha breki kimepungua, duka la karibu halina mafuta ya breki lakini lina oili ya injini au ya haidroliki, na mtu anasema oili ni oili. Ni heri gari lilale hapo siku mbili.

Kwenye malori ya jeshi kuna mtego wa ziada. Jeshi la Marekani, kuanzia miaka ya 1980, lilihamia kwenye mafuta ya breki ya silikoni, yanayojulikana kama DOT 5, kwa sababu hayanyonyi maji na hivyo hulifaa gari linalokaa bohari muda mrefu. Mafuta hayo hayachanganyiki na DOT 3 wala DOT 4. Jina DOT 5.1 nalo huwapotosha wengi: licha ya kufanana kwa namba, DOT 5.1 ya kawaida ni ya glikoli, na si ndugu wa DOT 5 ya silikoni. Fundi aliyezoea malori ya kiraia atafungua kifuniko, ataona kimepungua, ataongeza DOT 4 kama afanyavyo siku zote, na hapo vimiminika viwili visivyopatana vitakuwa vimefungiwa katika bomba moja.

Kutambua kilichomo

Anza na vibao. Malori ya jeshi huwa na vibao vya chuma kwenye dashibodi, mlangoni au karibu na midomo ya matangi, na maandishi yake yanaweza kuwa ya Kiingereza, Kijerumani au Kirusi. Usiruhusu vibao hivyo vipakwe rangi au kung'olewa. Vipige picha siku ya kwanza. Kwa malori ya nchi za NATO utakuta pia herufi na tarakimu fupi. H-542 ni mafuta ya breki ya glikoli. H-547 ni mafuta ya breki ya silikoni. H-515 ni oili ya haidroliki itokanayo na petroli, ambayo kwa kawaida hutiwa rangi nyekundu. Mlaji anayezijua alama tatu hizo hupata jibu ambalo muuzaji mwenyewe huenda hana.

Lakini kibao husema kilichopaswa kuwamo, si kilichomo. Gari likishapita mikononi mwa watu watatu, lolote laweza kuwa limemiminwa. Kwa hiyo fanya jaribio la chupa. Chukua chupa safi ya plastiki inayoonyesha ndani, itie maji nusu, kisha uchote matone machache kutoka chombo cha breki kwa bomba safi la sindano na uyadondoshe humo. Tikisa, uache itulie. Mafuta ya glikoli yatayeyuka na kutoweka ndani ya maji. Silikoni na oili ya petroli hazitayeyuka. Zitapanda na kuelea juu. Ukiona sehemu imeyeyuka na sehemu inaelea, una mchanganyiko, na gari hilo lisiteremke mlima wowote mpaka mfumo wa breki ufunguliwe wote. Silikoni ikiwa mpya huwa na rangi ya zambarau, lakini rangi hupauka kwa miaka, hivyo usiitegemee peke yake.

Jaribio hili linagharimu chupa tupu na dakika tano. Tunashauri lifanyike kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa kifuniko kisifunguliwe, hilo nalo ni jibu.

Mteremko na maji yasiyoonekana

Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na vijiji vingi vya Mgeta viko zaidi ya mita 1,000 juu yake. Mlaji afikirie maana ya tofauti hiyo. Lori lenye uzito wa tani 10 pamoja na mzigo, likishuka kimo cha mita 1,000, hulazimika kuachilia nishati inayotosha kuchemsha lita 290 hivi za maji, kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100. Ni zaidi ya pipa zima la lita 200. Dereva akiteremka kwa gia nzito, sehemu kubwa ya nishati hiyo humezwa na injini. Akiweka gia huru ili aokoe dizeli, karibu yote huenda kwenye breki.

Hapo ndipo maji ndani ya mafuta ya breki yanapokuwa suala la uhai. Mafuta ya glikoli hunyonya unyevu wa hewa, kupitia kifuniko na hata kupitia mipira yenyewe, na upande wa mashariki wa Uluguru, wa Kinole na Matombo, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana katika mkoa huu. Kwa viwango vya kimataifa, DOT 3 ikiwa kavu haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikiwa imenyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 namba hizo ni 230 na 155. Mafuta yakichemka ndani ya silinda ya gurudumu hutoa mvuke, na mvuke ni kama kile kiputo cha hewa kwenye bomba la sindano: mguu unakanyaga, pedali inazama, gari haliitiki. Breki zikipoa, mvuke hurudi kuwa kimiminika na pedali hurudi kama kawaida. Ndiyo maana baada ya ajali fundi anaweza kuzikagua breki na kusema hazina kosa.

Basi mafuta ya glikoli yabadilishwe yote, si kuongezwa tu, kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutembea, na yabadilishwe mara gari linaponunuliwa. Kopo lililofunguliwa na kubaki nusu lisihifadhiwe rafuni kwa ajili ya mwakani. Silikoni hainyonyi maji, lakini maji yakiingia hukusanyika mahali pa chini na kuozesha chuma, kwa hiyo nayo si ya kusahau. Na dereva ateremke kwa gia aliyopandia.

Kuna jambo la pili kuhusu breki ambalo mnunuzi hana budi kuliuliza: mfumo una mizunguko mingapi? Katika magari ya kisasa breki hugawanywa mara mbili, ili upande mmoja ukivuja mwingine ubaki. Malori ya zamani si lazima yawe hivyo. Lori la Marekani aina ya M35, lililoanza kutumika miaka ya 1950 na ambalo bado linauzwa kama ziada ya jeshi duniani kote, kwa matoleo yake mengi lina breki za haidroliki zinazosaidiwa na upepo, lakini upande wa kimiminika ni mzunguko mmoja tu. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote yanakosa breki, na breki ya mkono ndiyo iliyobaki. Ural za Kirusi nazo huchanganya upepo na haidroliki, ingawa mizunguko yake imegawanywa. Dereva aliyezoea malori ya breki za upepo mtupu atatazama geji ya upepo, aone imejaa, na kuamini kwamba yuko salama. Geji hiyo haisemi lolote kuhusu kimiminika.

Bodi la kunyanyuka

Wengi wanaonunua malori haya huyageuza kuwa tipa ili yabebe mchanga na mawe msimu wa mazao ukiisha. Pampu huzungushwa na kifaa kinachochota nguvu kwenye giaboksi, ambacho mafundi hukiita PTO. Oili hutoka tangini, hupita kwenye valvu na kuingia kwenye silinda, nayo husukuma bodi juu. Msukumo ndani ya mabomba hayo, bodi linapokuwa na mzigo, hufika kwa kawaida kilo 150 au zaidi juu ya kila sentimita moja ya mraba. Tairi la lori lililojazwa sawasawa lina kilo 7 au 8 hivi.

Oili ya mfumo huu ni tofauti na ile ya breki, na huuzwa kwa alama ya VG pamoja na namba: 32, 46 au 68. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi. Fuata kibao cha gari. Kibao kikiwa hakipo, fundi mwenye ujuzi atachagua kwa kuangalia aina ya pampu na joto la mahali. Kwa joto la tambarare ya Morogoro 46 hutumika sana, ilhali oili nzito mno asubuhi ya baridi ya mwezi Julai huko Mgeta itaifanya pampu ilie kwa kuvuta kwa shida. Mlio huo mwembamba, kama filimbi, usiupuuze. Maana yake pampu inakosa oili: tangi limepungua, chujio limeziba, au mpira wa kuvuta unaingiza hewa. Pampu inayolia inajila yenyewe.

Kipimo cha oili kisomwe gari likiwa mahali tambarare na bodi limeshushwa kabisa. Kosa la kujaza tangi bodi likiwa juu ni la kawaida sana. Bodi likishuka, oili yote iliyokuwa ndani ya silinda hurudi tangini na kufurika. Tazama pia rangi. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ina maji. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua imepata joto kupita kiasi. Povu juu ya tangi ni hewa.

Uchafu unastahili maneno zaidi, kwa sababu ndio unaoua pampu nyingi kuliko kitu kingine. Nafasi kati ya vyuma vinavyosuguana ndani ya pampu ni ndogo mno, sehemu nyingine ni nyembamba mara kumi kuliko unywele wa mtu. Punje zinazoweza kuiharibu huwa ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, hivyo oili inayoonekana safi ndani ya kidumu si lazima iwe safi. Kabla ya kufungua kifuniko cha tangi, futa vumbi lote linalokizunguka. Mimina kwa faneli yenye chujio, si kwa kitambaa, kwa maana kitambaa hutoa nyuzi. Usitumie dumu lililokuwa na dizeli, wala kopo lililookotwa gereji. Kwa gari lililotoka kwenye mapumziko marefu, mwaga oili yote ikiwa bado na uvuguvugu ili itoke na mashapo, safisha tangi kwa ndani, weka chujio jipya, kisha ubadilishe chujio hilo tena baada ya saa 50 hivi za kazi. Chujio la pili litaonekana kama upotevu wa fedha. Likate ulifungue utazame kilichomo, na hutauliza tena.

Kagua pia mkono wa silinda, ile nguzo inayong'aa. Gari likikaa miaka mingi mkono huo ukiwa nje, unyevu huutoboa kwa vidoa vya kutu, na kila kidoa huwa kama msasa unaokwangua sili kila bodi linapopanda na kushuka. Kubadilisha sili juu ya mkono wenye kutu ni kuzitupa fedha.

Kisha kuna kanuni ambayo haina mjadala. Mtu yeyote asiingie chini ya bodi lililonyanyuliwa, hata kwa kuchungulia, mpaka bodi liwe limeegemezwa kwa nguzo ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Silinda si tegemeo. Mpira mmoja ukipasuka, au mtoto akigusa lever ndani ya kabini, bodi hushuka kwa uzito wake wote. Gogo la mti halitoshi. Wala bodi lisinyanyuliwe gari likiwa limelalia upande, au chini ya nyaya za umeme.

Mipira, na tundu dogo kama la mwiba

Kila mpira wa haidroliki wa kiwandani una maandishi ubavuni, na kati ya maandishi hayo kwa kawaida umo mwaka wa kutengenezwa, mara nyingi pamoja na robo ya mwaka. Usome. Huko Ujerumani, ushauri wa usalama kazini ni kwamba mpira usikae katika matumizi zaidi ya miaka 6 hivi, ukiwamo muda uliohifadhiwa. Sisi tunasema: lori la ziada likifika na mipira ya umri usiojulikana, ihesabu yote kuwa imekufa na uiingize gharama yake katika bei unayojadili. Ukunje mpira kidogo kwa mkono. Ukiona nyufa, au waya umechungulia, au umevimba karibu na maungio, hauhitaji ushahidi mwingine. Mpira wa maji ya bustani uliofungwa kwa klipu mbili si mbadala.

Unapotafuta mahali panapovuja, usipitishe mkono. Tumia kipande cha boksi kilichoshikwa kwa mbali. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa msukumo tuliokwisha kuutaja hupenya ngozi, na jeraha lake huonekana dogo kama la mwiba, pengine bila maumivu makubwa kwa saa za mwanzo. Ndani, oili husambaa na kuua nyama ya mkono. Mtu aliyepata tundu hilo apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha. Watu wamepoteza vidole na mikono kwa kungoja asubuhi.

Wakati wa kununua

Nunua kimiminika kwenye chombo kilichofungwa kiwandani, chenye lakiri isiyoguswa, jina la mtengenezaji, aina, namba ya toleo na tarehe. Oili ya kupimiwa kwenye chupa za maji ya kunywa haina jina, na isiyo na jina haina wa kuilalamikia. Jihadhari hasa na oili chafu ya injini iliyochujwa na kuuzwa tena kwa rangi ya kupendeza. Ina masizi na asidi, na chujio la kitambaa halitoi vyote viwili. Biashara ya vilainishi husimamiwa na EWURA, na viwango vya ubora vya bidhaa huwekwa na TBS. Bidhaa bandia na madai ya uongo kuhusu bidhaa hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Dai risiti ya EFD, na uombe aina ya kimiminika iandikwe juu yake kwa ukamilifu. Maneno "oili, lita 20" hayatakusaidia mbele ya yeyote.

Kuhusu lori lenyewe, sheria humpa mnunuzi ngao, lakini ngao hiyo ina matundu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, huweka sharti kwamba ukimweleza muuzaji mfanyabiashara wa bidhaa hizo kazi unayoikusudia, nawe ukategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mweleze kwa maandishi: lori hili litabeba tani kadhaa za mazao kutoka Nyandira hadi Morogoro. Kwa upande mwingine, ukikagua gari kabla ya kununua, sharti la ubora haligusi kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Basi ukikagua, kagua kweli, pamoja na fundi. Na pande mbili zinaweza kukubaliana kuondoa masharti hayo. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye minada inayotangaza kwamba mali inauzwa kama ilivyo, mahali ilipo. Mnunuzi wa mnadani ajue kwamba anachonunua ni chuma pamoja na hatari zake, na bei yake ya juu kabisa aikokotoe baada ya kutoa gharama ya mipira yote, sili zote na vimiminika vyote. Hata hivyo, "kama lilivyo" si ruhusa ya kusema uongo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Muuzaji akiandika kwamba breki zimefanyiwa matengenezo kamili, na jaribio la chupa likaonyesha vimiminika viwili, hifadhi chupa hiyo, andika tarehe, piga picha mbele ya shahidi, na upeleke malalamiko kwa maandishi pamoja na nakala ya mkataba na risiti.

Kilichomwagwa

Ukibadilisha vimiminika vyote kama tulivyoeleza, utabaki na madumu kadhaa ya oili chafu. Desturi ya kuipaka kwenye mbao ili kuzuia mchwa imeenea, nasi hatuipendekezi kwa nyumba ya kulala watu. Kuimwaga kwenye mfereji ni vibaya zaidi. Maji ya Uluguru hayana mahali pengine pa kwenda: ya upande huu huingia Ngerengere na Bwawa la Mindu, ambalo wakazi wa Morogoro mjini huyanywa maji yake, na ya upande wa mashariki huingia Ruvu na kufika mabombani Dar es Salaam. Weka oili chafu katika madumu yenye vifuniko, tenga ya breki na ya haidroliki, uyaandike kwa nje, na uyakabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Fundi anayekubadilishia oili aulizwe kabla ya kazi kuanza ataipeleka wapi ile ya zamani.